Shirika la Ndege Likifuta Safari, Nauli Hurudi kwa Abiria

Mwezi Machi 2020, shirika tulilokuwa tumelikatia tiketi za familia kutoka London kwenda Dar es Salaam lilifuta safari yetu, na katika barua pepe hiyohiyo ya kutuarifu likatupa vocha. Kitufe cha kukubali vocha kilikuwa kikubwa, chenye rangi ya kijani. Kuhusu kurejeshewa fedha hapakuwa na hata sentensi moja, na fomu ya kuomba marejesho ilikuwa imeondolewa kwenye tovuti. Nilipodai nauli kwa maandishi, nilijibiwa kwamba janga la korona lilikuwa nje ya uwezo wa shirika, na kwa hiyo fedha hazirudishwi. Wapo walionishauri nimwachie Mungu, lakini sikuona sababu ya kumwingiza Mungu katika hesabu za shirika la ndege. Tulilipwa zote.

Jibu lile linachanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ambayo Uingereza iliibakiza katika sheria zake hata baada ya kujitoa katika Umoja huo, inampa abiria aliyefutiwa safari haki ya kurejeshewa nauli yake ndani ya siku 7. Kando ya hiyo ipo fidia ya usumbufu, ambayo kwa safari ndefu kama ya kwetu ilikuwa euro 600 kwa kila abiria. Dharura isiyozuilika huliondolea shirika mzigo wa fidia, lakini nauli inabaki kuwa deni. Tume ya Ulaya ilieleza hivyo katika mwongozo wake wa tarehe 18 Machi 2020, na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikayakumbusha mashirika yanayoruka kwenda na kutoka nchini humo, ya kigeni yakiwemo, tarehe 3 Aprili mwaka huohuo. Kanuni inataka pia vocha itolewe kwa ridhaa ya abiria iliyotiwa saini, kwa hiyo kitufe kile cha kijani kiache kilivyo.

Linaloamua madai ni nani aliyefuta safari. Abiria anayeona mipaka inafungwa na kuharakisha kufuta tiketi yake mwenyewe hugeuka kuwa mtu aliyeghairi, na hubaki na masharti ya tiketi tu. Ni heri kusubiri shirika lifute lenyewe, hata kama ni siku mbili kabla ya kuondoka. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilijaribu mwaka 2021 kuwatetea abiria waliozuiwa kusafiri na sheria za kutotoka nje za wakati wa korona ilhali ndege zao ziliruka, ikaishia kufunga uchunguzi kwa sababu sheria haikuwa wazi. Ndege ikiruka bila wewe, kazi ni ngumu.

Angalia pia safari inaanzia wapi. Anayeondokea Uingereza au nchi ya Umoja wa Ulaya analindwa hata akipanda ndege ya shirika la nchi nyingine. Ndugu anayeanzia Dar es Salaam au Nairobi kwa shirika lisilo la Ulaya hana ulinzi huo, na kwake tegemeo ni masharti ya tiketi na benki iliyotoa kadi.

Benki ndiyo iliyotusaidia sisi. Kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo nchini Uingereza, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji, ikiwa bei ya kitu inazidi pauni 100 na haizidi pauni 30,000. Kwa kadi ya kawaida ya benki kuna utaratibu wa kurudisha malipo, ambao kwa kawaida una ukomo wa siku 120. Ndiyo maana niliukataa ushauri niliopewa na shirika kwa simu, wa kusubiri vocha iishe muda wake ndipo niombe fedha. Niliipelekea benki barua ya kufutwa kwa safari, jibu la kukataliwa na risiti, nikaacha malalamiko mengine yote. Maneno ya simu hayana uzito. Dai jibu la maandishi.

Tiketi za watoto zilitusumbua zaidi, kwa kuwa tulizinunua kwa wakala. Benki ilisema tulimlipa wakala, wakala akasema fedha ziko kwa shirika, shirika likaturudisha kwa wakala. Kwa mujibu wa kanuni mwenye wajibu ni shirika linalorusha ndege, hivyo nililiandikia lenyewe barua ya kulitaka lilipe ndani ya siku 14, la sivyo nifungue dai katika mahakama ya madai madogo, ambayo England na Wales hupokea madai ya hadi pauni 10,000. Likalipa kabla siku hizo hazijatimia.

Fedha zikiingia, zilinganishe na risiti. Marejesho ya kwanza tuliyoletewa yalikuwa yamekatwa kamisheni ya wakala, na ilibidi nilikumbushe shirika kwamba Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2018 kuwa kamisheni ni sehemu ya bei ya tiketi, isipokuwa kama wakala aliipanga bila shirika kujua.