Movi za ngumi za bei chee: usijifiche, chagua vizuri

Mwalimu mmoja wa Nachingwea ameniandikia kwamba movi za ngumi anaziangalia usiku, watoto wamelala, sauti chini kama anaiba. Mwalimu, ongeza sauti. Kinachokunyima raha ni kuchukua chochote unachopewa.

Ukienda laibrari ya movi, pale kijana anapokunakilia movi kwenye flashi, iwe Lindi mjini au Chikongola kule Mtwara, usimwambie kijana "niwekee za kareti" ukaondoka. Mwambie afungue movi, asogeze mpaka pambano la kwanza. Tazama miguu. Ukiona mwili mzima, utosi hadi unyayo, na mapigo matano sita yanapita kabla picha haijakatwa, beba hiyo, waigizaji wanaijua kazi. Ikiwa ni uso, mkono, uso, mkono, basi anayepigana ni mhariri. Na mtu akirushwa bila aliyempiga kuonekana, hiyo ni nakala ya TV za zamani: picha ilipigwa pana, ikakatwa pembeni. Ulizia nakala nyingine.

Soma na jalada, herufi moja moja. Bruce Lee alifariki Julai 1973 akaacha movi chache, ndipo wakaibuka waigaji wake, Bruce Li na Bruce Le. Maninja nao wana mambo yao. Miaka ya 1980 kuna watengenezaji wa Hong Kong, Godfrey Ho akiwa maarufu kuliko wote, waliokuwa wakichukua movi ya nchi nyingine ya Asia, wanapachika vipande vya Wazungu waliovaa kininja, kisha wanatia maneno mapya juu yake. Ndiyo maana stelingi anaongea na mwenzake kwa simu tu, hawakutani. Stori humo usiitafute, nenda dakika 10 za mwisho.

Midomo kutofuatana na maneno si ubovu wa nakala. Hong Kong ya wakati huo ilipiga picha bila sauti, maneno na vishindo vya ngumi vikaingizwa studio. Mikono ikikimbia kupita kiasi, kamera ilipunguzwa mwendo, tuseme picha 22 kwa sekunde, halafu ikaonyeshwa kwa 24. Angalia vumbi: likitua upesi mno, umewakamata.

Flashi ya GB 8 inabeba kama movi 10 za MB 700. Ifomatiwe kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili; TV nyingi ndogo zinausoma huo, ila faili moja lisifike GB 4. Sauti ipo, picha hakuna? Mara nyingi video imebanwa kwa mfumo wa H.265 ambao TV yako haiusomi, kijana aigeuze iwe H.264. Picha ipo, sauti hakuna? Aibadili sauti iwe ya mfumo wa AAC.

Wanaoziita movi za wahuni wanaumiza, maana hawajawahi kutazama miguu hata siku moja. Usiwape nafasi nyumbani kwako. Mkeo mkalishe karibu, mwekee pambano la mwisho, mwonyeshe stelingi anavyotua kwa mguu mmoja, kisigino hakijagusa chini, na teke la pili limeshaondoka.