Miaka 5 acheze, ila akademi isubiri

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 5 aanze akademi ya soka. Acheze, ndiyo, ila kwa umri huo chandimu na wenzake hapo mtaani inamtosha kabisa. Wangu nilimpeleka mapema. Kocha akawa anawapanga mstari wasubiri zamu ya kupiga mpira mmoja, na baada ya wiki tatu mtoto analia kila Jumamosi. Nikamtoa. Alipofika miaka 7 akaomba mwenyewe kurudi, na sasa ndiye anayeniamsha asubuhi.

Kwa hiyo usitazame umri tu. Je, anaomba mwenyewe? Anafuata maelekezo ya mtu mwingine bila wewe kusimama pembeni? Halafu kaangalie mazoezi kabla hujalipa ada: mpira uwe namba 3 (saizi ndogo ya watoto), timu ndogo za watoto wanne wanne, kila mmoja auguse mara nyingi. Kupiga mpira kwa kichwa bado sana. Shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kuzuia hilo kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini. Na ukikuta kocha anatukana watoto, mtoe mwanao siku hiyohiyo.