Kama ni kurudisha, rudisheni zile kanda za Vioja

Mhariri salaam. Wiki hii mmeuliza kituo gani cha TV kilitulea na kipindi gani tungetaka kirudi. Najua hata kabla sijamaliza kuandika kwamba majibu mengi mtakayopokea yatasema Vitimbi, na yatakayobaki yatasema Tausi, sasa wacha mimi niseme Vioja Mahakamani na nijieleze.

Kwetu Mombasa kituo kilikuwa kimoja tu, hakukuwa na habari ya rimoti ukazunguka huku na huku. Kilianza 1962 kikiitwa KBC, 1964 serikali ikakichukua kikawa Voice of Kenya, Mombasa tukafunguliwa stesheni yetu 1970, halafu 1989 jina likarudi KBC vile vile, lakini bibi yangu hayo yote yalikuwa hayamhusu, yeye mpaka mwisho alisema "Sauti ya Kenya" hata ukimwonyesha maandishi pale kwenye kioo. TV yetu ilikuwa Great Wall nyeusi na nyeupe, na mbele yake mzee alikuwa ameweka ile karatasi ya plastiki yenye rangi iliyokuwa ikiuzwa madukani, wanaokumbuka watacheka, juu samawati, katikati kama nyekundu hivi, chini kijani, ati ndo TV ya rangi hiyo. Msomaji wa taarifa ya habari ya saa moja akikaa wima paji lake la uso ni buluu na tai yake ni kijani, akiinama kusoma karatasi yake anabadilika uso mzima. Na wageni wakija wanasifu!

Haya, Vioja. Kwa nyie mliozaliwa juzi, ni mahakama, basi, hakuna kingine. Kuna hakimu, kuna kiongozi wa mashtaka, kuna askari, na kizimbani kuna mtu ameshtakiwa kwa jambo la mtaani tu, kuku wa watu, deni, pombe, majirani kutukanana. Hawakuwa na haja ya kutoka studio, meza moja na kizimba na joho, kazi inaanza. Ujanja wote ulikuwa pale kwa hakimu, kwa sababu hakimu hacheki. Mshtakiwa anaulizwa swali la ndio au la, yeye anaanza na habari za tangu babu yake alipohama kwao, hakimu anamwambia jibu swali, yeye anashangaa kabisa, si ndo najibu hapa mheshimiwa, na hakimu kakunja uso anaandika tu. Angecheka mara moja kile kipindi kingeanguka palepale. Wachekeshaji wa siku hizi wanacheka wenyewe kabla hujaelewa wamesema nini.

Halafu wale watu sasa. Makokha, Ondiek Nyuka Kwota, Masanduku arap Simiti, Olexander Josephat. Kila mmoja na Kiswahili cha kwao, na hakuna aliyeficha. Mnajua wazee wa Mombasa na maringo yao ya Kiswahili, bibi akimsikia Masanduku anashika kichwa, anauliza huyu kamezeshwa nini, anaanza kumsahihisha pale pale kama vile atasikika huko Nairobi, lakini ikifika siku ya Vioja yeye ndo wa kwanza kwenye mkeka na ole wako usimame mbele ya TV. Sisi tukenda chuoni, madrasa yaani, tunamwigiza Ondiek mpaka mwalimu anashika bakora. Mimi nilikuwa sijavuka Mariakani, hapo tu nje ya Mombasa, Mjaluo na Mluhya na Mkalenjin wa kwanza niliowasikia wakijitetea kwa urefu ni hao, na nakubali kuna vicheko vya siku zile ambavyo leo nikivikumbuka vinanikwaza kidogo, mtu alichekwa kwa lafudhi tu. Lakini pia ilikuwa ndo sehemu pekee kwenye TV nzima ambapo mtu mwenye Kiswahili kibovu anaongea dakika nyingi kuliko mwenye Kiswahili safi, na mara nyingi ndo anamshinda akili kiongozi wa mashtaka. Kwenye taarifa ya habari hakuna aliyeongea hivo.

Na tulijifunza, msicheke. Dhamana, ushahidi, kesi kuahirishwa, haya yote nyumbani kwetu tuliyatoa humo. Ami yangu alipopelekwa kortini kweli kwa mambo ya shamba, mamangu hakumpa ushauri mwengine, alisema mwambieni ajibu anachoulizwa tu, asije akajibu kama Makokha.

Vitimbi nilikipenda, wallahi, nani hakupenda? Mzee Ojwang na miwani yake na Mama Kayai, na mpaka leo kuna watu hawaamini ukiwaambia kwamba yule Ojwang jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu, amecheza Mjaluo miaka yote ile. Lakini alifariki Julai 2015, na bila yeye mtarudisha nini? Utabaki ule mkahawa wao tu wenye watu wanapiga kelele. Tena mtangazaji Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? alichokianza redioni 1966, huyo ni wetu, mzaliwa wa Freretown hapa, ndiye wanajeshi walimchukua nyumbani kwake 1 Agosti 1982 wakamweka mbele ya maikrofoni atangaze mapinduzi yao. Naye ametuacha Februari 2025. Hicho nacho kiacheni kilivyo, nani atakalia kiti hicho?

Kuna watakaosema mlipenda kwa sababu hamkuwa na chengine cha kutazama. Kweli kiasi. Kituo cha KTN kilipoanza 1990 na mikanda ya video ikawa kila mtaa, vijana wengi tulihama, mimi mmoja wao. Lakini angalia kituo cha Citizen walipotaka kuwakamata watu walitumia nini? Papa Shirandula, Inspekta Mwala, Mother-in-Law, michezo ya humu humu, watu wa kawaida na shida zao, yaani njia ile ile ya KBC ila kamera nzuri zaidi. Na Februari 2015 wakati wa ule mvutano wa kuhamia matangazo ya dijitali, Citizen na NTV na KTN zilipozimika zote wiki kadhaa, nyumbani tulirudi KBC kimya kimya kama mtu aliyegombana na mama yake akasikia njaa.

Kwa hivo ombi langu, msitengeneze upya. Mkitengeneza upya mtaweka seti inang'aa, mtabandika na vile vicheko vya mashine. Nataka zile kanda zenyewe za zamani, na mikwaruzo yake, zipangwe kwa miaka, zionyeshwe saa za watu wazima hawajalala, na majina ya waigizaji yaandikwe vizuri mwisho maana wengi wao tuliwajua kwa majina ya kizimbani tu.

Kaka yangu ameniambia na yeye atawaandikia. Huyo mwacheni, ni mtu wa kile kipindi cha mpira, Football Made in Germany, mpaka leo anashabikia Borussia Mönchengladbach na hajawahi kuitamka sawa hata siku moja.