Kabla Hujakaza Nati ya Jeki

Wadogo zangu mnaojifunza kuunda magitaa ya umeme, leo nataka tuongee habari ya jeki, yaani soketi ya gitaa inayopokea plagi ya kebo ya amplifaya. Pikapu (koili zinazonasa mlio wa nyuzi), mbao na ubishi wenu wa poti za 250k na 500k (vile vidhibiti vya volumu na toni) tuviache kwa siku nyingine. Nimeona tena gitaa lenye shingo iliyokaa sawasawa na vanishi safi kabisa, lakini ukichomeka kebo soketi nzima inazunguka nayo, na kule ndani waya wa moto, ule unaobeba sauti, umejisokota mpaka umekatika. Aliyelitengeneza ana mikono mizuri. Nilipomuuliza ilikuwaje, akasema jeki aliiweka mwisho, usiku, kwa hamu ya kulisikia gitaa lake likilia.

Hamu hiyo naielewa, na wote mnaiweka mwisho. Ila fikirini kidogo. Poti inazungushwa kwa vidole viwili, swichi inasukumwa kwa kimoja. Jeki inachomekwa na kuchomolewa kila siku, na siku mtu akikanyaga kebo jukwaani, nguvu yote inaishia kwenye soketi. Jeki ni kazi ya useremala kwanza, ya umeme baadaye. Ukiiacha mpaka mwisho, unafanya useremala juu ya vanishi iliyokwisha kukauka, na hapo lazima kitu kiumie.

1. Chora jeki siku ileile unayochora mwili. Mnachora pikapu, mnachora daraja, mnachora chumba cha nyaya, halafu jeki mnasema itapata mahali. Haipati. Plagi yenyewe ni nene milimita 6.35 na shina lake linaingia ndani zaidi ya sentimita 3, kwa hiyo nyuma ya soketi panatakiwa nafasi ya shina hilo pamoja na springi zinazolipokea. Kama unafuata mtindo wa gitaa la Les Paul, jeki iko ubavuni kwenye kibati cha skrubu nne, na tundu linakwenda kwa mshazari mpaka chumbani. Pembe hiyo ichore kwenye karatasi kwa vipimo halisi, maana nimeshaona biti ya kutobolea ikitokea mgongoni mwa gitaa. Ukifuata Telecaster, jeki inakaa kwenye kikombe ubavuni, kikombe kinashikwa na kipande cha bati kinachong'ata mbao, na bati hilo likishang'olewa mara moja halishiki tena vizuri. Mimi siku hizi naweka kikombe cha kufungwa kwa skrubu mbili na nalala usingizi.

Stratocaster ndiyo inayowaponza zaidi. Kile kibati kilichobonyea, kilichokuja na gitaa hilo mwaka 1954, kinaonekana rahisi kwa sababu kiko usoni na unakifikia vizuri. Mnanunua kibati, mnakichorea mstari, mnachimba shimo la kukitosha. Kina chake mnasahau. Plagi inaingia kwa kulala, na ncha yake inakwenda kugonga ukuta wa shimo kabla haijafika mahali inapotakiwa kunasa. Kijana anasukuma, haiingii yote, anasukuma tena, springi ya ncha inapinda. Chomeka plagi kwenye jeki ikiwa imefungwa kwenye kibati chake, viweke pembeni ya mwili wa gitaa, uone kwa macho yako panahitajika kina gani. Ni kazi ya dakika moja, jamani.

2. Tundu kubwa kwanza, dogo baadaye. Biti ya Forstner, ile pana ya kuchimba shimo lenye sakafu bapa, inatafuta kitovu cha kushika, na ukishatoboa dogo umekiondoa kitovu hicho. Biti itarukaruka na kuchana ukingo wote. Kwenye ubavu uliojipinda, bana kipande cha mbao chakavu ulichokichonga kufuata mpindo huo, utoboe kupitia hapo.

3. Pima jeki uliyo nayo mkononi. Zile za kawaida za kampuni ya Switchcraft zina shingo (bomba fupi lenye uzi linaloshika nati) ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5, lakini zipo nyingine nyembamba zaidi. Na shingo hiyo ni fupi: ukuta wa mbao ukiwa mnene, nati haitapata uzi wa kushika hata ukikaza kwa maombi. Ndiyo maana kuna vibati. Chagua cha chuma. Vya plastiki vinapasuka kwenye kona, na siku kikipasuka jeki inazama ndani ya gitaa.

Tukiwa hapo hapo: kuna jeki ndefu kama bomba, yenye uzi mwili mzima, ambayo wengi mnaipenda kwa sababu inapita kwenye mbao nene bila kibati. Mimi siipendi. Springi zake zimefichwa ndani, zikichoka huwezi kuzirudisha kwa kidole, unatupa jeki nzima. Ile ya wazi unaona kila kitu, na springi ikilegea unaikunja kidogo kuelekea ndani, kazi inaendelea.

4. Kabla ya kulehemu, fuata kila kisikio (kijibati cha kulehemia waya) kwa jicho mpaka uone kinashikana na nini. Kimoja kinakwenda kwenye springi ndefu inayogusa ncha ya plagi: hicho ni cha waya wa moto. Kingine kinashikana na shingo yenyewe: hicho ni cha ethi, yaani waya wa ardhi. Msikariri kushoto na kulia, kwa sababu ukiigeuza jeki vinabadilika. Ukivichanganya, gitaa litalia, lakini litavuma vibaya, na ukigusa nyuzi mvumo utaongezeka badala ya kupungua. Dalili hiyo ikitokea, msianze kulaumu pikapu.

Pitisha waya kwenye tundu la kisikio, ukunje, ndipo ulehemu. Pasha kisikio moto, lehemu iyeyukie pale, sekunde mbili tatu, ondoa. Acha waya wa ziada wa kutosha kuivuta jeki nje ya tundu lake, maana siku moja mtu atataka kuilehemu upya, na huenda mtu huyo ni wewe.

5. Pima jeki ikiwa ndani ya gitaa, na plagi ikiwa imechomekwa. Hili nalisema kwa uchungu, mnivumilie nikirefusha.

Mpigaji mmoja aliniomba nimuundie gitaa kwa kutumia pikapu mbili za koili moja zilizotoka kwenye gitaa lake la kwanza, ambalo lilikuwa limevunjika. Mbao alichagua mwenyewe, umbo la shingo tulibishana kwa upole mpaka tukaelewana. Chumba cha nyaya nilikifunika chote kwa utepe wa shaba ili kuzuia mvumo, na kwa kuwa nilitaka kazi iwe kamili, nikaendeleza shaba mpaka ndani ya tundu la jeki. Nikalehemu jeki ikiwa inaning'inia nje, nikachomeka kebo, nikagonga pikapu kwa bisibisi: tok, tok, kwenye amplifaya. Safi. Nikaichomoa, nikaisukuma ndani, nikakaza nati, nikafunga kifuniko.

Akaja. Akakaa, akachomeka, akapiga kodi ya kwanza, nyuzi kadhaa kwa pamoja. Kimya.

Sasa kimya kina aina zake, na mimi nilikuwa nazijua. Waya wa moto ukikatika, kwa kawaida unasikia mvumo. Amplifaya ikinyamaza kabisa, kama vile umeshusha volumu mpaka sifuri, maana yake waya wa moto umegusana na ethi mahali fulani. Hilo nilitakiwa nilifuate hatua kwa hatua. Badala yake niliona aibu, mteja amekaa mbele yangu, mikono ikaanza kwenda mbio kuliko kichwa. Nikachomoa kebo nikaijaribu kwenye gitaa jingine: nzima. Nikafungua kifuniko, nikachukua mita ya umeme, nikapima kati ya visikio viwili vya jeki, nikaona pikapu inasoma vizuri kabisa, hakuna mguso. Nikasema basi jeki haina kosa. Nikachomeka kebo tena: kimya. Nikaitikisa plagi, sauti ikaja nusu sekunde, ikaondoka.

Ile nusu sekunde ilikuwa inanipa jibu lote. Sikuisikiliza. Niliamua kosa liko kwenye poti, nikazilehemua nyaya zake. Halafu nikaamua kosa liko kwenye pikapu ya shingo, nikaanza kuulehemua waya wake kwenye bamba la chini, na koleo likateleza. Mnaojua pikapu mmeshaelewa. Waya wa koili, ule wa AWG 42 (namba ya kipimo cha unene wa waya), una unene wa milimita 0.06 tu, unywele wa kichwani ni mnene kuupita. Ulikatika pale unapoanzia, upande wa ndani kabisa, ambako huwezi kuufikia bila kuufumua wote. Pikapu ya gitaa lake la kwanza ikafa mkononi mwangu, na mwenyewe anaangalia.

Ndipo nikatulia. Nikachukua tochi, nikamulika ndani ya tundu la jeki huku nikichomeka plagi taratibu. Springi ya ncha ilikuwa inasukumwa nje na plagi, kama inavyopaswa, milimita chache tu, na kwa kuwa tundu lilikuwa jembamba, mgongo wake ukaenda kulala juu ya shaba. Ukichomoa plagi, springi inarudi ndani, haigusi kitu. Mita ilikuwa inaniambia ukweli kuhusu jeki isiyo na plagi, na jeki isiyo na plagi haina kazi duniani. Kipande cha utepe wa plastiki wenye upana wa kidole gumba, kikibandikwa juu ya ile shaba, kingemaliza habari yote.

Pikapu ilisukwa upya na mtu anayeijua kazi hiyo. Inalia vizuri. Mwenye gitaa aliniambia, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba si ile ile. Nami nilijua si ile ile.

Kwa hiyo fanyeni hivi, kila gitaa, bila kuruka. Funga jeki mahali pake na ukaze. Chomeka kebo. Nenda kwenye plagi ya upande wa pili wa kebo, weka mita kati ya ncha na shina, volumu ikiwa wazi yote. Pikapu ya koili moja mara nyingi itakusomea karibu kilo-omu 6, hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, karibu 8. Mita ikishuka karibu na sifuri, kuna mguso. Ikisoma karibu na 250k au 500k, pikapu haijaunganishwa na unapima poti peke yake. Kisha mwombe mwenzako aitikise plagi na kuizungusha taratibu huku wewe macho yako kwenye namba. Namba zikiruka, hujamaliza. Na ndani ya tundu la jeki, kama umeweka shaba au rangi ya kuzuia mvumo, funika kwa utepe wa plastiki upande ambao springi ya ncha inafungukia. Nawaomba.

6. Nati. Washa ya meno, ile pete bapa ya chuma yenye meno, inakaa ndani, kati ya mwili wa jeki na kibati, ili ing'ate isizunguke. Wengi mnaiweka nje chini ya nati kwa sababu inapendeza, na inakwangua kibati bila kusaidia chochote. Wakati wa kukaza, shika mwili wa jeki kutoka ndani, kwa vidole au kwa kifaa chake. Ukizungusha nati peke yake, jeki nayo inazunguka, nyaya zinajisokota, na hutaona kitu mpaka gitaa lirudi. Spana iwe ya saizi yake, kwa zile za kawaida inchi 1/2. Koleo liacheni, linakula kona za nati na likiteleza linachora vanishi. Na ukikuta jeki imelegea kwenye gitaa la mteja, usikaze kwanza. Itoe, angalia waya, inyooshe, ndipo urudishe. Yule kijana wa vanishi safi alikuwa amekaza nati yake kila ilipolegea, kwa nia njema kabisa, na kila alipokaza aliusokota waya zaidi.

7. Skrubu za kibati zinaingia ubavuni, mara nyingi kwenye kichwa cha mbao ambako nyuzi za mbao hazishiki sana: toboa tundu la kuongozea, paka uzi sabuni kavu au nta, kaza kwa mkono.

8. Pikapu za betri, kama zile za EMG, zinataka jeki ya stereo, yenye kisikio cha tatu kinachoitwa cha pete, hata kama gitaa ni mono. Waya hasi wa betri unakwenda kwenye kisikio cha pete. Plagi ya mono ikiingia, shina lake linaunganisha pete na ethi, na hapo ndipo betri inapowaka. Maana yake ni kwamba kebo ikiachwa imechomekwa usiku kucha, betri ya volti 9 inaliwa usiku kucha, na maana yake nyingine ni kwamba plagi ya stereo haitaliwasha gitaa hilo kabisa. Mwambie mteja mambo haya mawili siku unayomkabidhi, kabla hajarudi kukuambia gitaa limekufa.