Jibu: Kuku wa kienyeji, shubiri mwitu inatosha bila chanjo?

Mkuu, umeuliza kama ukiwapa kuku shubiri mwitu na pilipili kichaa unaweza kuachana na chanjo ya mdondo. Hapana. Nafuga kuku wa kienyeji huku Singida, mitishamba naitumia mara kwa mara na ninaithamini, ila kwa mdondo usiitegemee.

Mdondo, au kideri, unaletwa na virusi. Kuku akishaanza kuharisha kijani na kupinda shingo, hakuna dawa ya duka wala ya porini ya kumponya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, waliwahi kuijaribu shubiri mwitu kwa ugonjwa huuhuu. Nafuu ilionekana kwa kuku waliotangulizwa dawa kabla ya kuambukizwa, na hata hao wengi walikufa. Sasa sisi wengi tunakimbilia shubiri wakati banda limeshaanza kupukutika, halafu wachache wakibaki tunasema imewaponya. Inaniuma sana nikiona mama wa watu anapoteza mitetea yote kwa ushauri wa namna hiyo.

Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja tu kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi 3, kifaranga na jogoo dozi ileile. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ndiyo maana inatufaa sisi wa vijijini tusio na friji. Wachanje wakiwa wazima, kabla kiangazi hakijakaza.

Mitishamba ina kazi yake, na hapo nitakutetea kwa yeyote. Utitiri na viroboto nawamaliza kwa majani ya mwarobaini: nayatwanga, nayaloweka usiku kucha, nachuja, kisha nanyunyizia kuta, nyufa na viota. Ndani ya viota naweka pia majani makavu. Pembeni ya banda naacha shimo la majivu na mchanga mkavu, kuku wanajigaragaza wenyewe. Utomvu wa shubiri naupaka kwenye vidonda vya ndui, vinakauka vizuri, ila usiguse macho.

Ukiwawekea shubiri kwenye maji, iwe kidogo. Ni chungu, na kuku akikataa kunywa, mayai yanapungua haraka. Vifaranga wadogo mimi siwapi kabisa.

Kuna aliyekushauri mmea wa utupa kwa ajili ya kupe. Unafanya kazi kweli, lakini ndio huohuo watu wanaoutumia kama sumu ya kuvulia samaki. Usimwage mabaki karibu na bwawa au kisima, na usiwanyweshe mifugo.

Na wakiharisha damu, hasa vifaranga, usipoteze muda na majani. Muone afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Ukimpata, muulize na habari ya chanjo, mpange na majirani mchanje siku moja, kwa sababu kuku wenu wanashinda jalala moja.