Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha kuuza dawa

Njoro, Nakuru

Nekesa mwanangu,

Ujumbe wako tumeupata, na sisi huku ni wazima. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: uache kazi ya kuuza dawa za kupulizia mimea huko Kisumu uje kusomea shahada ya uzamili katika kilimo cha mboga, au la? Na mimi, baada ya kuzeekea kwenye mboga, ningeifuata tena njia ileile? Baba yako alitaka nikupigie simu tuyamalize. Nimekataa, maana kwenye simu wewe hunikatiza.

Nianze na pesa, kwa kuwa najua ndizo zinazokunyima usingizi. Mtafiti wa mboga hatajiriki. Mshahara wa chuo unalisha, unasomesha kwa kubana, na mara nyingine unachelewa. Migomo ya wahadhiri wewe umekulia ndani yake. Wenzetu wa chai na maua wana kampuni za kuwafadhili. Managu, mboga yetu ya kienyeji, haina kampuni. Ukitaka gari zuri kuliko la huyo mwenye agroveti aliyekuajiri, baki dukani. Hilo limekwisha.

Sasa kazi yenyewe. Nilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukisema unatafiti mboga watu walidhani ni kabichi, nyanya au kitunguu. Managu na saga tulizikuta kwenye vitabu vya magugu, na somo lilikuwa namna ya kuziua. Waliobadilisha hali hiyo hawakuwa wengi. Anayejulikana zaidi ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuhamia chuo cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo ya sayansi. Lakini tuzo zisikudanganye kuhusu siku za kawaida. Siku za kawaida ni mizani, kalamu na matope.

Chukua saga. Ikibanwa na ukame au ikikosa naitrojeni, hukimbilia maua, na ikishachanua majani yanakuwa madogo na magumu. Ukiikata ncha mapema, kisha ukaondoa maua kila yanapochomoza, inatoa matawi ya pembeni na unaendelea kuchuma kwa wiki kadhaa zaidi. Akina mama wa Kisii walikuwa wakifanya hivyo kabla sijazaliwa. Tulichoongeza sisi ni kipimo: ikatwe lini, samadi kiasi gani, nafasi gani kati ya mche na mche, na mambo yanabadilika vipi ukitoka kwenye baridi ya Njoro, mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ukashuka hadi Kisumu, mita 1,100 na kidogo. Ili upate jibu unalima vitalu vingi, unapiga kura kitalu gani kipewe nini, unarudia kila jaribio mara tatu au nne shambani humo humo, kisha unarudia lote msimu unaofuata kwa sababu mvua ya mwaka huu si ya mwaka ujao. Mbona kura? Kwa sababu ukijichagulia, mkono wako utaipa mboga unayoipenda udongo mzuri bila wewe kujua. Hilo tulifundishwa na Ronald Fisher, mtakwimu Mwingereza wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, miaka ya 1920, na hadi leo hakuna aliyepata njia bora zaidi.

Mama mmoja aliyekuwa akitusaidia kuchuma alinisuta kwamba tunatupa chakula: mistari ya pembeni hatukuipima. Nikamweleza kwamba mmea wa pembeni hauna jirani upande mmoja, unapata jua na nafasi zaidi, kwa hiyo ukiupima utakudanganya kuhusu shamba zima. Akasema basi ule wa pembeni apewe yeye. Akapewa. Wewe mwenyewe umelelewa kwa mistari ya pembeni, ingawa hukuambiwa.

Kuna mambo madogo ambayo hayajamfanya mtu yeyote kuwa profesa, lakini mimi ndiyo ninayajivunia. Mbegu ya saga iliyovunwa juzi haioti vizuri: inahitaji kukaa miezi kadhaa ndipo iote kwa wingi, na haipendi mwanga, kwa hiyo usiiache juu ya udongo. Ya mrenda ina ganda gumu. Ukiitumbukiza kidogo kwenye maji ya moto kisha ukaipoza, inaamka. Sijui ni wakulima wangapi nimewakuta Bungoma na Vihiga wamelalamika kwamba wameuziwa mbegu feki, kumbe mbegu ni nzima, imelala tu. (Feki pia zipo, na nyingine ni kuukuu, nawe uliye nyuma ya kaunta unajua zinakotoka.) Maarifa ya namna hiyo hayahitaji mradi. Unamwambia mama mmoja kwenye chama, na msimu ujao kijiji kizima kinachemsha maji.

Linganisha na vyandarua. Utakumbuka tulivyovitandika juu ya kabichi na nyanya hapa Njoro. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa Benin kwenye kabichi kabla ya kutufikia sisi, na kama sayansi lilikuwa zuri mno. Nondo hapati pa kutaga, unyevu haupotei haraka, na ndani kuna joto kidogo ambalo kwenye baridi yetu linaisukuma miche ikue upesi. Lakini kila tundu la wavu lina bei yake. Likiwa kubwa, vidukari wadogo wanapenya, na wakishaingia wanastarehe, kwa kuwa wadudu wanaowala wamebaki nje. Likiwa dogo sana, hewa haipiti na ugonjwa wa majani unakaribishwa. Joto lilelile linalotusaidia Njoro, huko kwenu, kwenye uwanda wa Kano karibu na Kisumu, lingekuwa adhabu. Halafu kuna gharama. Wanawake niliowafahamu wanaokodi robo ekari hawakununua chandarua cha pili mradi ulipoondoka. Waliobaki na kile cha kwanza walikihamishia kitaluni, juu ya miche peke yake, ambako kipande kidogo kinatosha na kinafaa kweli. Sikuona hilo kama kushindwa. Wakulima walikuwa wametufanyia hesabu ambayo sisi hatukuifanya.

Ndiyo maana siku hizi mwanafunzi akiniletea pendekezo lenye neno "endelevu" namwuliza: gari la mradi likishaondoka, kitabaki nini shambani? Asipokuwa na jibu, namrudishia karatasi zake.

Kuhusu dawa, nisikilize bila kukasirika, najua ndizo zinazokulipia kodi ya nyumba. Nondo mgongo-almasi wa kabichi alikuwa wa kwanza miongoni mwa wadudu wa mazao kuizoea DDT, huko Java mwaka 1953, na tangu hapo karibu kila dawa iliyotungwa dhidi yake ameizoea mahali fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walileta nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, wakamwachilia kwenye nyanda za juu za nchi hii. Hutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo huyo, na kazi imekwisha. Panapopuliziwa kidogo, anafanya kazi bila malipo. Panapopuliziwa kila wiki dawa ya kuua kila kitu, anakufa yeye kwanza na nondo anabaki. Kisha Tuta absoluta, nondo mwingine, alipoingia kwenye nyanya zetu mwaka 2014, watu walianza kuchanganya dawa tatu ndani ya bomba moja. Hayo nayajua kwa kuhojiana na wakulima waliojua kwamba mimi ni daktari wa chuo, wakanipa majibu ya adabu. Wewe unayajua kwa risiti. Unajua nani hununua nini siku ipi, nani hupulizia Jumamosi na kuchuma Jumapili, nani husoma karatasi ya maelezo na nani huitupa mlangoni. Hakuna hojaji yangu iliyowahi kupata hayo. Kwa hiyo miaka yako ya dukani usiihesabu kama hasara. Ukija kusoma, ndiyo mtaji wako.

Swali lako la pili sasa. Ndiyo, ningeifuata tena njia hii, ila ningeingilia mlango wa mbegu badala ya mlango wa wadudu. Sukuma ina mbegu ya dukani, kabichi pia. Mbegu za managu, saga, mrenda na mitoo kwa sehemu kubwa bado zimo mikononi mwa wanawake wanaozivuna, wanazikausha na kuziuza kwa kijiko sokoni. Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga na inatunza sampuli, jambo jema, lakini sampuli kwenye jokofu haimfikii mtu wa Luanda ya Vihiga mvua za Machi zinapoanza. Nani anachagua mmea upi uachwe kwa mbegu? Anachagua kwa ukubwa wa jani, kwa uchungu, au ule tu uliosahaulika kuchumwa? Ukiachia mbegu mimea inayowahi kuchanua, kila mwaka unajitengenezea saga inayochanua mapema zaidi. Hapo pana kazi ya miaka mingi, na haihitaji mashine ghali.

Mada mbili ulizotajiwa, ya nyumba za plastiki na ya mbegu za wakulima, mimi nasema mbegu. Ya nyumba za plastiki ina udhamini mnono zaidi, najua. Lakini mwulize profesa anayekualika, tena kwa maandishi: nani atalipia msimu wa pili wa majaribio mfadhili akijitoa? Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipokata pesa za USAID, vyuo vyao vilivyokuwa vikishirikiana nasi vilisimamishiwa kazi ghafla, na wapo wanafunzi waliobaki na data ya msimu mmoja. Ya msimu mmoja haikupi digrii. Kazi ya mbegu unaweza kuimaliza hata kwa nauli ya matatu.

Usijiuzulu kabla barua ya udhamini haijawa mkononi mwako, yenye sahihi. Wakati unaingoja, nenda soko la Kibuye Jumapili, uongee na wauza mbegu. Waulize walizitoa wapi, walizivuna lini, na mwaka jana waliuza za nani. Usiwaambie unasoma, nunua kijiko kimoja kimoja, uandike jina la mboga kwa lugha ya muuzaji na mahali ilikotoka. Kila bahasha ikiwa na mbegu mia, otesha hamsini sasa hivi na hamsini baada ya miezi mitatu, uhesabu. Ukiniletea hesabu hizo, tutaandika pendekezo lako pamoja, nami nitakuwa mkali kama kwa mwanafunzi mwingine yeyote.

Baba yako anakusalimu. Kukhu, bibi yako, naye anauliza kama huko Kisumu unakula mboga au unaziuzia dawa tu.

Mama yako