SMS za marejesho zinatoka mara nne

SWALI: Mfumo wa SACCOS yetu umejengwa kwa Node (JavaScript ya upande wa seva). Kila tarehe 25, saa mbili asubuhi, unapaswa kuwakumbusha wanachama marejesho ya mikopo kwa SMS. Nimetumia setInterval (amri ya kurudia kazi kila baada ya muda fulani) ndani ya programu, inayoangalia saa kila baada ya dakika moja. Mwezi uliopita hakupata mtu. Mwezi huu kila mmoja kapata SMS nne. Fundi ananiambia niongeze RAM. Je, itasaidia?

JIBU: Haitasaidia. Fundi anayeagiza RAM kabla hajauliza programu inaendeshwa kwa michakato mingapi (nakala zake zinazofanya kazi kwa pamoja) anakuuzia vipuri tu. Nabashiri yako ni minne. Kila mmoja umebeba setInterval yake, wala haujui kwamba wenzake watatu nao wanatuma. Na kama mwezi uliopita programu ilikuwa imeanguka au inawashwa upya saa mbili ilipofika, dakika yenyewe ilipita hivihivi.

Kuna watakaokwambia ubakize mchakato mmoja. Usiwasikilize, SMS nne zitakoma, zile zisizotoka kabisa zitabaki palepale.

Itoe kazi hiyo nje ya programu kuu. Iandike kama programu ndogo inayojitegemea, uiite kwa cron, kipangaratiba cha seva: 0 5 25 * * (dakika 0, saa 5, tarehe 25, kila mwezi). Nimeandika 5 kwa sababu seva nyingi za kukodi hufuata saa za UTC (saa za kimataifa), nasi tuko saa tatu mbele. Andika amri ya date kwenye seva uhakikishe saa ya kwako. (Nimeshakuta mtu kaweka 2 akimaanisha saa mbili yetu. Wanachama waliamshwa saa kumi na moja alfajiri.)

Hapo wengi huona wamemaliza, na hapo ndipo ninapochoka. Wanaamini ratiba ikishakaa sawa, kazi itafanyika mara moja, basi. Nani kawaahidi? Cron haiweki kumbukumbu: mashine ikiwa imezimwa dakika ile, zamu imepita. Kazi ikikatika katikati, utaianzisha tena kwa mkono, na waliokwisha kupata watapata tena. Ukihamia seva mpya ukasahau kuizima ya zamani, zote mbili zitatuma.

Kumbukumbu iweke kwenye hifadhidata: jedwali lenye namba ya mwanachama na mwezi (pamoja na mwaka wake), viwili hivyo kwa pamoja visiruhusiwe kujirudia. Kabla ya kutuma, ingiza safu ya mwanachama na mwezi huo; ikikataliwa kwa kuwa imo tayari, mruke mwanachama huyo. Ongeza safuwima ya hali, imetumwa au bado, ili ukatikaji uonekane.

SMS ya pili ni kero tu. Ila mifumo hiihii ndiyo inayokata michango na kuongeza riba, na nikimuuliza mwenye mfumo kazi ikijirudia itakuwaje, hunijibu kwamba haiwezi kujirudia. Makato mara mbili kwenye akaunti ya mstaafu si kero, ni kesi.

Kabla ya tarehe 25 ijayo, iendeshe mara mbili mfululizo kwenye nakala ya hifadhidata, utumaji ukiwa umezimwa, kisha hesabu safu: kila mwanachama awe na moja tu.